Kigezo cha Fundi wa Bati

Ukipita katika miji iliyouzunguka Mlima Kenya, iwe Nyeri, Karatina, Nanyuki au Embu, utasikia mlio wa nyundo juu ya bati kabla hujamwona mpigaji. Huyo ni fundi wa jua kali, afanyaye majiko na masanduku. Simama umtazame, ewe mwanafunzi. Miongoni mwa vyombo vyake mna kipande cha bati asichokiuza kwa bei yoyote. Hicho ni kigezo chake, nacho kina historia ipasayo kujulikana.

Kigezo ni umbo lililopimwa mara moja ili litumike mara nyingi. Fundi atakapo kukata mlango wa majivu wa jiko hapimi upya. Hulaza kigezo juu ya bati la pipa kuukuu, huchora ukingo wake kwa msumari, kisha hukata kwa tindo na nyundo. Milango mia hutoka sawasawa, kana kwamba imezaliwa na mama mmoja.

Jiko la bati lililetwa nchini na mafundi wa Kihindi katika zama za reli ya kutoka Mombasa, iliyoanza kujengwa mwaka 1896. Waafrika wakajifunza kazi hiyo, wakaieneza. Katika miaka ya 1980 likabuniwa jiko jipya la makaa, kwa kufuata mfano wa Thailand: nje bati lenye kiuno chembamba, ndani udongo uliochomwa. Hapo kigezo kikawa jambo kubwa. Mfinyanzi alichoma udongo mahali pamoja, fundi akakata bati mahali pengine, na kazi zao zilipaswa kuoana ingawa wenyewe hawakuonana. Aliyeiga kwa macho tu, pasipo vipimo, alipata jiko hafifu.

Wakati huo mabadiliko mengine yalikwisha anza mbali. Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, Ivan Sutherland alionyesha programu iitwayo Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Ndani yake mlikuwa na mchoro mama na nakala zake. Ukibadili mama, nakala zote hubadilika papo hapo.

Leo mhandisi achoraye sanduku la swichi za umeme hufanya vivyo hivyo. Tundu la kupitishia waya hulichora mara moja na kulihifadhi, kisha huliita kila alihitajipo, akibadili upana tu. Tena huliwekea sharti: lisikaribie mno mahali bati litakapokunjwa, kwa maana bati likikunjwa hapo, tundu huvutika na kupoteza umbo lake. Basi kigezo hiki hubeba umbo pamoja na busara ya fundi. Uhandisi wa mitambo hufundishwa hata Nyeri, katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichochipuka kutoka taasisi ya ufundi iliyobuniwa mwaka 1972, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 2012.

Lakini angalia hatari yake. Anayepima upya kila siku hukosea mara moja moja. Mwenye kigezo kibovu hukosea mara zote. Kompyuta huweza kusahihisha michoro yote kwa dakika moja, ila haiwezi kurudisha bati lililokwisha katwa. Wahenga walisema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa hiyo, msomaji, usimdharau fundi wa Karatina kwa kuwa hana kompyuta, wala usidhani kompyuta itakupimia usichokielewa. Wote wawili wanashika kanuni moja: tumia muda mrefu juu ya kile cha kwanza, kwa sababu vingine vyote vitafanana nacho.