Mfuniko, Si Mgogoro

Kuna tafsiri inayozunguka katika kompyuta zetu isemayo "Suluhisha migogoro ya njia za mkato". Aliyeitunga, nadhani, hajawahi kuketi mbele ya kibodi ya AZERTY hapa Bukavu. Kwetu Kivu neno mgogoro lina mzigo mzito kuliko kitufe kimoja kilichopewa amri mbili.

Waungwana wengine walikimbilia mgongano, nao wakajikwaa kwenye sarufi. Kiambishi -an- katika gongana chadai kwamba wawili wamepigana kikumbo na kila mmoja kapata lake. Ndani ya kihariri sivyo. Visual Studio Code, kwa mfano, husoma kanuni za vitufe kutoka ya chini kwenda juu, na ya kwanza kulingana ndiyo hutekelezwa. Ile nyingine ni nzima, haina hata mchubuko, imefunikwa tu.

Basi istilahi ni mfuniko. Kiswahili kina vitenzi vinavyojitengua kwa -u-: ziba na zibua, funga na fungua, funika na funua. Amri iliyofunikwa hufunuliwa, na utatuzi wote unapata kitenzi chake kutoka shina lile lile. Suluhisha limebeba suluhu, neno la Kiarabu linalotaka wagomvi waketi wapatane. Amri mbili hazipatani juu ya kitufe kimoja, mojawapo huhama. Na huo mkato wao? Mwanafunzi anaujua kama alama ya uandishi, na Ctrl+X tayari inaitwa Kata. Kwa hesabu yao, Ctrl+X ni mkato wa kukata. Hongera zao.

Kamati moja, ambayo naisitiri jina kwa heshima isiyoistahili, ilinijibu kwamba mfuniko ni wa sufuria. Kwani dirisha ni la nini? Neno hilo tulilipokea kutoka Kiajemi, tukalitia ukutani, kisha wanakamati wa aina hiyo hiyo wakalibandika kwenye skrini, na hakuna aliyeuliza upepo utapitia wapi. Kipanya nacho hakijawahi kudaiwa mkia.

Kuhusu matumizi, maneno machache yatosha. Katika Windows, AltGr huhesabiwa kama Ctrl na Alt kwa pamoja, na kwenye AZERTY ya Kifaransa AltGr pamoja na 0 huandika @. Kiendelezi kikijitwalia Ctrl+Alt+0, alama ya @ yaweza kufunikwa, na anwani ya barua pepe haiandikiki. Ndani ya Visual Studio Code, bonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, tafuta mchanganyiko huo, uipe amri moja vitufe vingine.

Walimu wa informatiki wa Bukavu, andikeni ubaoni: "Amri imefunikwa, ifunueni." Msingoje idhini. Kamati itafika nyuma yenu, kama ilivyo desturi yake, na kulitangaza neno hilo kuwa lake.