Koloni au Nchi Lindwa?

Juma lililopita nilisema katika kipindi hiki kwamba Mombasa ilikuwa koloni la Mwingereza. Kabla sijatoka studio, simu ikalia. "Mwanangu," akaniambia mzee mmoja wa huko, "sisi hatukuwa koloni. Sisi tulikuwa protectorate." Mimi nilidhani hayo ni maneno mawili ya Kiingereza yenye maana moja. Nikaenda kusoma, na leo namwomba radhi mzee wangu.

Kwa Mwingereza, "colony" ni nchi iliyotwaliwa ikawa mali ya Mfalme wake. "Protectorate" ni nchi lindwa: mtawala wake hubaki na jina la enzi, naye Mwingereza hushika usukani. Mwaka 1895 Sultani wa Zanzibar aliwakubalia Waingereza kuutawala ukanda wake wa pwani, upana wa maili 10, kwa malipo ya pauni 17,000 kila mwaka. Bara nako, wakati huo, kuliitwa protectorate.

Mwaka 1920 njia zikatengana. Bara ikatangazwa koloni. Ukanda wa pwani haukuweza kutwaliwa, kwani ulikuwa wa Sultani. Bendera yake nyekundu iliendelea kupepea Mombasa.

Je, huu ni ugomvi wa kamusi tu? La hasha! Mwaka 1921 Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba, kwa sheria ya ardhi ya 1915 na lile tangazo la 1920, ardhi ya Waafrika ni ya Mfalme, na wao ni wapangaji tu anaoweza kuwaondoa atakapo. Mtu alilala mwenye shamba, akaamka mpangaji.

Lakini tusidanganyike na neno "kulindwa". Sheria ya 1902 iliwagawia walowezi ardhi ya bara wakati bara yenyewe bado inaitwa nchi lindwa. Na huko pwani, sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliwaacha Wamijikenda wengi bila hati.

Oktoba 1963 Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohamed Shamte, walikubaliana ukanda huo uingie Kenya huru. Maneno yote mawili yakazikwa Desemba 12.

Basi mzee wangu, ulisema kweli, hamkuwa koloni. Ila nami nina swali: katika ulinzi ule, aliyelindwa alikuwa nani? Jibu tusilitafute katika kamusi. Tutazame hati ya shamba imeandikwa jina la nani.