Usonji na malezi katika familia za lugha na tamaduni nyingi

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza utotoni na kudumu maishani, ambayo hujitokeza kwa ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu, kwa matendo ya kurudiarudia, kwa kung'ang'ania utaratibu usiobadilika, na mara nyingi kwa hisi zinazoitikia sauti, mwanga au mguso kupita kiasi au chini ya kiasi. Kwa kuwa dalili hizo hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, wataalamu huzungumzia wigo wa usonji. Daktari Leo Kanner aliieleza hali hii nchini Marekani mwaka 1943 kutokana na watoto 11 aliowachunguza, naye Hans Asperger akaandika juu yake mjini Vienna mwaka 1944. Hadi leo haithibitishwi kwa kipimo cha damu wala kwa picha ya ubongo, bali kwa kumtazama mtoto na kuwahoji wazazi wake, na kwa sababu kinachotazamwa ni mazungumzo, michezo na adabu, lugha na desturi za familia huwa sehemu ya uchunguzi wenyewe.

Kukwepa macho, kwa mfano, huhesabiwa kuwa dalili katika vipimo vingi vilivyotungwa Marekani na Ulaya, ilhali katika jamii nyingi za Afrika Mashariki mtoto mwenye adabu huinamisha macho mbele ya mkubwa wake. Kipimo kimoja mashuhuri humtaka mtoto mdogo amwandalie mwanasesere sherehe ya siku ya kuzaliwa, mchezo ambao hauna maana kwa mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna wanasesere wala sherehe hizo. Kosa laweza kwenda upande wa pili pia: familia iliyozoea kuambiwa na wazee kwamba watoto wa kiume huchelewa kusema huweza kungoja miaka kadhaa kabla ya kumpeleka mtoto hospitali. Zaidi ya hayo, baadhi ya dalili hujificha ndani ya sarufi. Mtoto mwenye ekolalia, yaani tabia ya kurudia maneno kama alivyoyasikia, huweza kuomba maji kwa kusema "unataka maji", na mchunguzi asiyejua Kiswahili hatagundua kwamba nafsi imegeuzwa, kwa kuwa tofauti yote imo katika kiambishi kimoja.

Jambo lililowasumbua zaidi wazazi wa familia za lugha nyingi ni ushauri, uliotolewa kwa miaka mingi na madaktari, walimu na wataalamu wa tiba ya usemi, kwamba mtoto mwenye usonji asemeshwe lugha moja tu, nayo kwa kawaida iwe lugha ya shule. Ushauri huo ulitokana na dhana iliyoonekana ya busara, kuwa anayetatizwa na lugha moja atalemewa na mbili, lakini tafiti hazikuiunga mkono. Mwaka 2012 Catherine Hambly na Eric Fombonne walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wenye usonji wa lugha moja na wa lugha mbili, wasione kuwa wale wa lugha mbili wamecheleweshwa zaidi. Huko Montreal, Ana Maria Gonzalez-Barrero na Aparna Nadig waliona hata kwamba watoto wenye usonji wa lugha mbili walimudu vizuri zaidi zoezi la kubadili kanuni ya kupanga kadi, ingawa sampuli yao ya watoto 40, wakiwemo wasio na usonji, ni ndogo mno kujengewa hoja kubwa. Lililo wazi ni hasara ya kufuata ushauri huo: mama anayelazimika kumsemesha mwanawe kwa Kiingereza asichokimudu humsemesha kidogo, bila utani wala bembelezi, na mtoto hutengwa na bibi, majirani na mafunzo ya dini ambayo yote huendeshwa kwa lugha ya nyumbani.

Imani kuhusu chanzo cha hali hii nazo huathiri malezi. Utafiti uliofanywa Kilifi na Mombasa na kuchapishwa mwaka 2015 na Joseph Gona na wenzake, ukiwahusisha wazazi na wataalamu wa dini na makabila mbalimbali ya pwani ya Kenya, ulionyesha kuwa watu walitaja mapepo, uchawi na laana sambamba na urithi, maambukizi na matatizo ya uzazi, na kwamba familia moja huweza kwenda kwa mganga, kwa kiongozi wa dini na hospitali bila kuona mgongano wowote. Mtaalamu anayezidharau imani hizo hupoteza mgonjwa bila kuzibadili.

Uhamiaji huongeza uzito wa haya yote, kama ilivyodhihirika kwa Wasomali wa Minneapolis, katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Tangu mwaka 2008 wazazi wao walilalamika kuwa usonji umekithiri miongoni mwa watoto wao. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota uliotolewa mwaka 2013 ulikuta usonji kwa takribani mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali na 1 kati ya 36 wa Kizungu, tofauti isiyo na uzito wa kitakwimu, ila watoto wa Kisomali wenye usonji walikuwa na ulemavu wa akili kwa kiwango kikubwa zaidi. Kabla majibu hayajapatikana, wapinzani wa chanjo, akiwemo Andrew Wakefield ambaye makala yake ya mwaka 1998 ilifutwa na jarida la Lancet mwaka 2010, walikwisha kuifikia jamii hiyo na madai ya uongo kwamba chanjo husababisha usonji. Kiwango cha chanjo ya surua kwa watoto wa Kisomali waliozaliwa Minnesota kikashuka kutoka asilimia 92 mwaka 2004 hadi 42 mwaka 2014, na katika mlipuko wa surua wa mwaka 2017 wakaugua watu 75, wengi wao wakiwa watoto wa jamii hiyo.

Uchunguzi wa haki, kwa hiyo, ni ule unaompima mtoto katika lugha zote anazozisikia, wenye kadi za picha zinazoonyesha ugali, mkeka na madrasa pale ambapo hivyo ndivyo vitu vya maisha yake, na unaofanywa mbele ya mkalimani aliyefunzwa. Kaka au dada wa mtoto hafai kufanywa mkalimani wa ripoti ya daktari, hata anapokuwa ndiye peke yake nyumbani anayekijua Kiingereza.