Kupasua chujio la oili hufichua siri za injini

Kila baada ya kilomita 5,000 au karibu na hapo, magari huingizwa katika gereji na vibanda vya jua kali mjini Nakuru kubadilishiwa oili. Oili chafu humwagwa, chujio kuukuu hufunguliwa na kutupwa kwenye debe la taka, jipya hufungwa, kisha mwenye gari hulipa na kwenda zake. Ni wachache wanaotambua kwamba kifaa hicho kilichotupwa ndicho kilichohifadhi kumbukumbu ya yote yaliyotendeka ndani ya injini tangu gari lilipohudumiwa mara ya mwisho.

Chujio, ambalo mafundi wengi huliita filta, ni mkebe wa bati wenye karatasi maalumu iliyokunjwa mikunjo mingi kama marinda. Mmarekani Ernest Sweetland ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake katika miaka ya mwanzo ya 1920. Chujio lake aliliita Purolator, jina lililofinyangwa kutokana na maneno ya Kiingereza yanayoashiria oili safi. Mkebe wa kufungwa kwa kuzungushwa, tunaouona leo, ulikuja katika miaka ya 1950.

Oili husukumwa na pampu, ikaingia kupitia vitundu vilivyouzunguka mdomo wa mkebe, ikapenya karatasi kutoka nje kwenda ndani, kisha ikatokea tundu la katikati kuelekea kwenye beringi. Kwa hivyo uchafu hubaki upande wa nje wa mikunjo, na huko ndiko pa kutazama. Aghalabu mna pia valvu ndogo ya dharura. Karatasi ikiziba, au oili ikiwa nzito kwa baridi ya alfajiri kama ile ya Molo na Timboroa, valvu hiyo hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa. Watengenezaji waliona ni heri injini ipate oili chafu kuliko kukosa kabisa.

Vumbi la Bonde la Ufa

Eneo hili lina sababu zake za kuzitesa injini. Kutoka Nakuru, mji ulio takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, barabara kuu ya kuelekea Eldoret hupanda kupitia Salgaa na Mau Summit hadi Timboroa, zaidi ya mita 2,700. Lori lenye shehena hupanda mlima huo likinguruma kwa gia ndogo, oili ikichemka.

Lakini adui mkubwa zaidi ni vumbi. Udongo wa Naivasha, Gilgil na Elementaita umetokana kwa kiasi kikubwa na majivu ya volkano, nao ni laini kama unga. Mashindano ya Safari Rally yaliporejea katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, Naivasha ikiwa kitovu chake, madereva walilalamikia vumbi hilo, na baadhi ya magari hufungwa bomba la kuvuta hewa kutoka juu ya paa. Huko Kariandusi, karibu na Gilgil, huchimbwa daiatomaiti, udongo mweupe uliotokana na mabaki ya mwani mdogo wa majini wenye magamba ya silika. Duniani udongo wa aina hiyo hutumiwa viwandani kuchujia vinywaji. Kinachosafisha bia kikiingia kwenye silinda hukwaruza ringi za pistoni na kuta zake.

Vumbi hupitia kwenye chujio la hewa lililopasuka au mpira wake uliolegea. Ndiyo maana chujio la oili lenye mchanga mara nyingi huwa linashtaki chujio jingine kabisa.

Namna ya kupasua

Kosa la kwanza la wengi ni kutumia msumeno wa chuma au grenda. Vifaa hivyo hutoa vumbi la chuma linaloingia kwenye karatasi, na mkaguzi hubaki akikisoma kilichotoka kwenye msumeno wake mwenyewe. Kifaa kifaacho ni kikataji chenye gurudumu kali, kinachozungushwa kando ya mdomo wa mkebe kama kopo la maziwa linavyofunguliwa. Baadhi ya magari, hasa yaliyotengenezwa miaka ya karibuni, hutumia karatasi tupu isiyo na mkebe, na hayo hayahitaji kukatwa chochote.

Acha chujio lidondoke oili usiku kucha. Likaze kwenye jiliwa, kata, toa mhimili wa karatasi, kisha tenganisha mikunjo kwa kisu kikali. Vaa glavu, kwani kingo za bati hukata kama wembe na oili iliyotumika hudhuru ngozi. Ikamue karatasi katikati ya vitambaa safi ndani ya jiliwa, halafu itandaze juani juu ya karatasi nyeupe. Kivuli cha gereji huficha mengi.

Weusi mtupu usiwatie watu hofu. Ni masizi, na katika injini ya dizeli ni jambo la kawaida. Pitisha sumaku iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Kinachonasa ni chuma, pengine kutoka kwenye kamshafti, ringi au gia za pampu. Kinachong'aa cheupe na kuikataa sumaku huenda ni aluminiamu ya pistoni au ya beringi. Rangi ya shaba ndiyo ya kuogopwa zaidi. Beringi nyingi za krankishafti zina tabaka la shaba chini ya tabaka laini la juu, hivyo shaba ikionekana, la juu limeshaliwa. Ute wa rangi ya chai ya maziwa huashiria maji, labda kutoka kwenye gasketi ya silinda iliyoungua, ingawa gari la safari fupifupi huweza kukusanya unyevu bila ubovu wowote.

Chembe chache zinazometameta katika injini mpya, au iliyofanyiwa ukarabati mkubwa karibuni, si ajabu. Sehemu zake bado zinazoeana. Kinachohesabika ni mwelekeo. Zikiongezeka badala ya kupungua katika chujio la pili na la tatu, pana tatizo. Vipande vinavyoweza kushikwa kwa kucha havisubiri chujio la pili: gari lisiwashwe hadi sampu ishushwe.

Mwandishi huyu aliwahi kununua pikapu ambayo muuzaji aliapa kwamba injini yake imefunguliwa na kufungwa upya. Chujio la kwanza halikuwa na chuma hata chembe. Lilikuwa na vijinyuzi vyekundu vya silikoni, ile gundi ambayo fundi asiye na subira huipaka kwa wingi mahali pa gasketi. Sampu iliposhushwa, wavu wa pampu ulikutwa umezibwa nusu nzima. Taa ya oili kwenye dashibodi haikuwa imewaka hata mara moja.

Katika urubani, ukaguzi huu si hiari ya mwenye kupenda. Kwa ndege ndogo za injini za pistoni, kukata chujio kila oili inapobadilishwa ni sehemu ya kawaida ya matengenezo. Wenye malori makubwa pia hupeleka oili maabara. Hata hivyo, vipimo vya kawaida vya maabara huona chembe ndogo mno, za maikroni chache tu, na huweza kuvikosa vipande vikubwa ambavyo karatasi imevinasa. Njia hizo mbili hukamilishana.

Kupasua hufichua pia ubora wa chujio lenyewe. Karatasi iliyopasuka, mikunjo iliyobanana upande mmoja au gundi iliyoachia ni dalili za bidhaa duni, na pengine bandia. Rangi na nembo za nje haziwezi kumweleza mnunuzi hayo.

Baada ya ukaguzi, mabaki yasitupwe mtaroni. Maji ya mvua ya mji wa Nakuru huteremkia Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wowote wa kutokea. Oili ikusanywe kwenye mtungi wenye kifuniko na kukabidhiwa mkusanyaji aliyeidhinishwa na mamlaka ya mazingira, NEMA. Vipande vya karatasi vyenye chembe za kutiliwa shaka vihifadhiwe ndani ya mfuko ulioandikwa tarehe na kilomita, vilinganishwe na vya huduma ijayo.