Bastola ya Kijeshi ya Kiingereza katika Nchi ya Ufipa

Neno "bastola" ni la zamani katika Kiswahili, nalo lilitokana na Kireno. Walakini bastola iliyokuwa silaha rasmi ya maofisa wa Kiingereza ilitoka katika viwanda vya Webley, mjini Birmingham. Jeshi la Uingereza liliipokea namna ya kwanza mwaka wa 1887; namna ya sita, iliyo mashuhuri kupita zote, ilikubaliwa mwezi wa Mei, 1915. Ilikuwa na silinda ya kuzunguka yenye matundu sita ya risasi. Ofisa aliposukuma komeo kwa kidole gumba na kuinamisha mtutu, maganda yote yalitoka kwa mara moja.

Mwaka mmoja baadaye jeshi la Waingereza liliingia Ufipa. Mwezi wa Juni, 1916, kikosi cha Kanali Murray, kilichotokea Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kiliteka boma la Kasanga, kusini-magharibi ya Sumbawanga, kando ya Ziwa Tanganyika. Wadachi waliliita Bismarckburg.

Katika vikosi vya namna hiyo silaha zilifuata vyeo. Bastola ilikaa kiunoni mwa ofisa, bunduki begani mwa askari. Mpagazi alichukua masanduku ya risasi, naye mwenyewe hakuwa na silaha. Bastola haikupiga mbali, wala si yo iliyoamua vita. Bila miguu ya wapagazi hakuna kikosi ambacho kingesogea. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika vita vile vya Afrika Mashariki wakadiriwa kuwa zaidi ya 90,000, wengi wao kwa maradhi, si kwa risasi.

Nao watu wa Ufipa hawakuwa wageni wa chuma. Tangu zamani waliyeyusha mawe ya chuma katika tanuri ndefu za udongo, ziitwazo malungu, wakafua majembe yaliyouzwa hata kwa majirani zao. Chuma cha Birmingham kiliwafikia kwa kazi nyingine.

Bastola ya namna ya sita iliondolewa rasmi jeshini mwaka wa 1947. Kila badiliko lake limeandikwa kwa tarehe, bali majina ya wapagazi wengi hayakuandikwa. Basi historia ya silaha hiyo Ufipa haina budi kutafutwa pia katika masimulizi yaliyorithiwa na jamaa zao.