MELI ZILIZOPANDA MILIMA

(Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima, kama lilivyosomwa redioni)

  Natumaini kila darasa limepata ramani ya dunia. Kiongozi wa darasa, tafadhali ibandike ukutani mahali ambapo hata yule aliyekaa nyuma ataiona.

Wiki iliyopita, baada ya darasa la Ruanda kwisha, mama mmoja wa makamo alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Mwalimu, mpaka wa Tunduma aliuchora nani? Na kwa nini ukapita pale, wakati ndugu zetu Wanyamwanga wako huku na huku?" Nikamwambia swali lake ni zuri sana, ila jibu lake ni refu, na litaeleweka vizuri zaidi tukianzia mbali, katika mji uitwao Puno. Akacheka. "Mimi nimekuuliza Tunduma, wewe unanipeleka Ulaya!" Si Ulaya, mama. Ni Amerika ya Kusini. Basi tufuatane.

Wekeni kidole katika ramani, upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini. Hapo mtaiona nchi ya Peru, kando ya bahari ya Pasifiki. Nyuma ya pwani yake imesimama safu ndefu ya milima iitwayo Andes. Juu ya milima hiyo, kati ya Peru na Bolivia, kuna ziwa kubwa, Titicaca. Maji ya ziwa hilo yako meta 3,812 juu ya usawa wa bahari, yaani kama futi 12,500. Sisi watu wa Mbozi hujisifu kuwa tunakaa nyanda za juu, na kweli baridi ya Juni na Julai tunaijua. Lakini fikirini jambo hili: kilele cha mlima Rungwe hakifiki meta 3,000. Mtu akisimama juu kabisa ya Rungwe, bado atakuwa chini ya mvuvi anayetupa wavu katika ziwa Titicaca.

Mji wa Puno uko ukingoni mwa ziwa hilo. Tuseme wewe msikilizaji ndiye msafiri, umetoka pwani asubuhi, na jioni umefika. Jambo la kwanza utakalokutana nalo si nyumba wala watu, ni pumzi yako mwenyewe. Utapanda ngazi tano utatweta kama uliyekimbia maili moja. Kichwa kitakugonga, chakula hutakitaka, na usiku usingizi utakataa. Wenyeji huuita ugonjwa huo soroche. Si uchawi wala si homa. Kadiri tunavyopanda juu ndivyo hewa inavyopungua uzito, na pumzi moja ya Puno ina kama theluthi mbili tu ya hewa iliyomo katika pumzi moja ya Dar es Salaam. Dawa yake ni kupumzika siku mbili tatu, na wenyeji humpa mgeni chai ya majani ya koka. Kwa sababu hiyo hiyo ya hewa, maji ya huko huchemka mapema, kabla hayajawa moto kama yetu, kwa hiyo chakula cha kuchemsha hukawia kuiva. Kina mama wa darasa watanielewa nikisema kwamba huko sufuria ya maharage si ya mtu mwenye haraka.

Mji ulianzishwa mwaka 1668. Karibu yake palikuwa na machimbo ya madini ya fedha, yakiitwa Laykakota, na wenye machimbo walikuwa wakigombana na kumwaga damu. Mtawala aliyetumwa na mfalme wa Hispania akaja mwenyewe kuzima ugomvi, akauweka mji. Lakini watu walikuwako tangu zamani sana kabla ya Wahispania. Hata leo, pamoja na Kihispania, utasikia sokoni lugha mbili za wenyeji, Kiquechua na Kiaymara. Na ziwani wako Wauros, ambao hujenga visiwa kwa namna ya matete yaitwayo totora. Hukata matete, huyatandaza tabaka juu ya tabaka, kisha hujenga nyumba juu yake, na kisiwa kinaelea. Matete ya chini yakioza, huongeza mapya juu. Mitumbwi yao pia huifanya kwa matete hayo.

Kabla sijaondoka sokoni, niseme habari ya viazi. Hapa kwetu viazi mviringo wengi huviita viazi vya Ulaya. Jina hilo si la haki. Asili ya viazi hivyo ni nchi hizo za Andes, karibu na ziwa hilo, ambako watu walivilima maelfu ya miaka kabla Mzungu hajakiona kiazi hata kimoja. Wahispania ndio waliovipeleka Ulaya. Wakulima wa Titicaca hujua pia kuviweka akiba: huvianika nje usiku vigande kwa baridi, mchana hupata jua, kisha huvikanyaga kwa miguu vitoke maji. Vikikauka huitwa chuño, na huweza kukaa miaka bila kuharibika. Nadhani wakulima wetu wa viazi, ambao bei ikianguka huuza kwa hasara kwa kuogopa visioze, wangependa kuuona ufundi huo.

Sasa tushuke ziwani. Huko Puno utaonyeshwa meli ya zamani ya chuma, jina lake Yavari. Na hapo ndipo swali linapokuja. Ziwa liko juu kuliko Rungwe. Hakuna mto mpana unaopanda huko kutoka baharini. Meli ya chuma iliyoundwa Uingereza ilifikaje?

Ilifika vipande vipande. Serikali ya Peru iliagiza meli mbili, Yavari na Yapura, na mwaka 1862 zikashushwa bandarini Arica, zikiwa zimefunguliwa katika vipande 2,766. Sharti lilikuwa kwamba kipande kisizidi mzigo wa nyumbu mmoja. Nasema nyumbu wa kufugwa, mtoto wa punda na farasi, si yule wa porini. Kutoka Arica vipande vilikwenda kwa gari la moshi mpaka Tacna. Hapo reli ikakoma, na kazi ikawa ya nyumbu na wapagazi, kupita jangwa na kupanda milima. Mambo yalikwama mara nyingi. Yavari iliingia majini siku ya Krismasi mwaka 1870. Hesabuni: tangu 1862 hata 1870 ni miaka minane. Na kwa kuwa huko juu miti ni haba na makaa ya mawe hayakuwako, moto wa meli uliwashwa kwa mavi makavu ya lama, mnyama wa huko wa jamaa ya ngamia, asiye na nundu.

Wasikilizaji, sasa geuzeni macho, mtazame ramani ya kwetu. Habari kama hiyo ilitokea hapa, mlangoni petu.

Mji wa Ujiji, katika ziwa Tanganyika, ulikuwa ukijulikana kwa misafara ya biashara, ya pembe na ya watumwa pia. Burton na Speke walifika mwaka 1858. Mwaka 1871 Stanley alimkuta Livingstone hapo. Mwaka 1878 wakafika wamisionari wa London, na mmoja wao, Edward Hore, alikuwa baharia. Yeye aliona kwamba katika ziwa refu namna ile, urefu wake zaidi ya kilometa 650, kazi haiwezekani bila meli. Tajiri mmoja wa Glasgow, James Stevenson, akaahidi kutoa pauni 4,000, ili itengenezwe njia baina ya ziwa Nyasa na ziwa Tanganyika, na meli ipelekwe kwa njia hiyo. Njia ikaitwa kwa jina lake, Stevenson Road. Ilianzia Karonga, ikapanda milima, ikapita Mwenzo na Fife, karibu kabisa na Tunduma yetu, ikaenda kushuka Tanganyika upande wa kusini. Urefu wake kama maili 210, yaani kilometa 340. Msidhani ilikuwa barabara kama hii yetu ya lami. Sehemu ya kwanza kutoka Karonga ilichongwa kweli kweli, na mhandisi wake, James Stewart, alikufa Karonga mwaka 1883 kazi haijakwisha. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa njia ya miguu tu iliyofyekwa.

Meli yenyewe iliitwa Good News, maana yake Habari Njema, nayo urefu wake ulikuwa futi 54. Vipande vyake vilitoka Uingereza kwa bahari mpaka Quelimane, vikapanda mto Zambezi na mto Shire. Mahali pa maporomoko ya Shire vilibebwa na watu, kisha vikapakiwa tena katika meli Ilala. Hiyo Ilala nayo ilikuwa imebebwa vipande kupita maporomoko hayo hayo mwaka 1875. Vikashushwa Karonga. Na kutoka Karonga?

Kutoka Karonga havikupanda mgongoni mwa nyumbu. Katika nchi nyingi za kwetu mbung'o waliua farasi, nyumbu na ng'ombe, kwa hiyo mnyama wa mizigo alikuwa mwanadamu. Kule Peru fundi alipima chuma kwa mgongo wa nyumbu. Huku mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama kilo 30, kichwani au begani. Kipande kisichogawanyika kilifungwa katika miti, wakakichukua wengi pamoja. Malipo yalikuwa vitambaa. Mwezi wa Machi 1885 meli ikaingia majini karibu na mto Lofu, kusini mwa Tanganyika.

Jina la Stevenson tunalijua, la Hore tunalijua, na kaburi la Stewart liliandikwa katika vitabu. Nimesoma habari za safari hii mara kadhaa, na sikukuta jina la mpagazi hata mmoja. Huenda katika madarasa yanayonisikia leo, Ruanda, Tunduma, Momba, kuna mtu ambaye babu wa babu yake aliubeba ubao wa chuma wa meli ile, akapanda nao milima hii, akarudi nyumbani na kitambaa. Mimi naona huyo ni mtu wa historia sawa na wale wengine.

Sasa nalijibu swali la mama. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikaa kugawana nchi zisizo zao. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 1 Julai 1890. Walipofika kwenye nchi iliyo kati ya Nyasa na Tanganyika, Waingereza hawakukubali kuiachia njia ya Stevenson, kwa kuwa ndiyo iliyounganisha maziwa mawili. Basi mpaka ukafuata mto Songwe kutoka Nyasa, kisha ukavuka nyanda mpaka mto Kilambo ulioko Tanganyika, na njia ile ikabaki upande wao. Mwaka 1898 wapimaji wa pande zote mbili wakaja kupima na kuweka alama. Wanyamwanga hawakuulizwa. Wengine walilala usiku wakiwa wa mfalme mmoja na asubuhi wakaambiwa shamba lao liko kwa Waingereza na nyumba iko kwa Wadachi. Ndipo zikatokea, mama, Tunduma huku na Nakonde kule.

Na liko neno jingine katika mkataba ule ambalo wafanyabiashara wetu watalipenda. Iliandikwa kwamba bidhaa za mataifa yale mawili zikipita kati ya Nyasa na Tanganyika zisitozwe ushuru wa njia. Nani leo anayesimama na lori Tunduma akingoja karatasi zake asingetamani sharti hilo? Kweli, mwaka 2019 kilifunguliwa kituo cha pamoja, ili mtu akaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Lakini ushuru ni ushuru.

Baadaye Wajerumani walijenga reli, ikafika Kigoma mwaka 1914, na kwa reli hiyo wakaleta meli kubwa zaidi, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kutiwa katika masanduku kama 5,000. Iliingia ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata, waliposhindwa, mafundi wao waliizamisha wenyewe, baada ya kuipaka mitambo yake mafuta mazito isiliwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na tangu 1927 ikaitwa Liemba. Hiyo wengi wenu mnaijua. Wako waliopanda Kasanga kwenda Kigoma, na waliotapika njiani pia wako.

Kazi ya wiki hii ni hii. Leteni darasani kilo 30 za mahindi katika gunia. Kila anayeweza ajitwike, azunguke jengo la darasa mara moja. Kisha kaeni, mfungue madaftari, mhesabu: kutoka Karonga mpaka ziwa Tanganyika ni kilometa 340. Mpagazi akienda kilometa 17 kwa siku, atafika kwa siku ngapi? Mkimaliza, waulizeni wazee wenu kama wamepata kusikia habari za njia ile, mwandike wanayosema, na kiongozi wa darasa anipelekee.

Kwaherini mpaka wiki ijayo.