Zebaki

Neno zebaki tulilipata kwa Waarabu. Ukisikia mchimbaji akisema “mekyuri”, hapo Warumi wamo: Mercurius alikuwa mungu wao wa biashara, na kweli inafaa. Mgodi mkubwa wa dhahabu wa Buzwagi ulifunguliwa 2009, ukafunga kazi 2021. Lakini wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Kahama na Geita bado wapo na karasha zao za kusagia mawe. Mbale, yaani mawe yenye dhahabu, ikishasagwa huoshwa, hutiwa zebaki, kisha hukamuliwa ndani ya kitambaa hadi libaki donge la kijivu la zebaki na dhahabu, nalo huchomwa ibaki dhahabu.

Kukamua huko Mrumi Pliny Mzee, aliyekufa mwaka 79 volkano ya Vesuvius ilipolipuka, alikuandika. Yeye alitaja ngozi badala ya kitambaa. Akasema waziwazi kwamba zebaki ni sumu. Akawataja hata mafundi wa rangi nyekundu itokayo kwenye mawe ya zebaki, waliofunika uso kwa kibofu cha mnyama wasivute vumbi. Barakoa, karibu miaka 2,000 iliyopita! Sisi wengine tunachomea donge letu jikoni, na mvuke wa zebaki hauna harufu ya kumshtua mtu.

Ndugu mchenjuaji, tumia chombo cha kunasia mvuke, na watoto wakae mbali.